Mtama Alioung'oa Bwana Shamba

Watu wa upande wetu wa Kasoli walimtambua Bwana Shamba kwa kamba yake. Ilikuwa kamba ya katani iliyofungwa kwenye vigingi viwili, ina fundo kila mahali panapotakiwa shimo la mbegu, na aliitundika begani hata siku za Jumapili. Alipokuwa kazini ilikuwa kamba ya serikali. Alipostaafu alisokota nyingine inayofanana nayo, akaendelea kutembea nayo. Watoto wa shule wakimwona barabarani walimpigia kelele, "Mstari, jamani, mstari!", kwa sababu hilo ndilo lilikuwa neno lake, naye aliwapungia mkono kama mbunge.

Alipenda mstari kupita kiasi. Ukimkaribisha chakula, alikata tonge la ugali, akaliviringa, akaliweka pembeni mwa sahani, akakata jingine akaliweka jirani na lile la kwanza, mpaka yamepangana ndipo akaanza kula. Mama yangu alimtazama kwa jicho la pembeni, halafu wakati tunaosha vyombo akaniambia, "Huyu hata tumboni mwake anapanda kwa kamba."

Jina lake analo, na wapo wanaolitumia. Kwetu hakuwahi kuitwa kitu kingine zaidi ya Bwana Shamba, na kwa namna mama alivyolitamka, lilitosha.

Mimi ni fundi cherehani. Nilirudi nyumbani kwa mama na mwanangu Neema baada ya ndoa yangu kunishinda, na tangu hapo cherehani yangu iko kibarazani. Anayeingia uani lazima apite mbele yangu. Kwa hiyo Bwana Shamba alipokuja, mimi ndiye niliyempokea baiskeli, mimi ndiye niliyemtolea kigoda, na mimi ndiye niliyemdanganya.

Uongo wenyewe ulikuwa mfupi. Akishakaa, akishafuta jasho, aliuliza kwa sauti ya mtu asiyetaka kusumbua, "Mama Neema, ule mtama wa shingo bado hamjaupata popote?" Nami nilimjibu, "Hatuna, Bwana Shamba," huku nikimkabidhi kikombe cha uji wa mtama huohuo. Aliupokea, akaupuliza, akaunywa wote bila sukari. Mbegu yenyewe ilikuwa jikoni, masuke yamefungwa fungu na kuning'inizwa juu ya mafiga ili moshi uyalinde na wadudu. Kama angeinuka tu na kuchungulia mlangoni angeyaona.

Huo mtama tunauita wa shingo kwa sababu suke lake likikomaa linainama kama mtu anayetafuta sindano chini. Punje zake ni nyekundu, ngumu, na zina uchungu kidogo. Ndege wakizionja wanahama. Jua likipiga mpaka mahindi yakajikunja, wenyewe unasimama kama hausikii, na hata kiduha, lile gugu la maua mazuri linalonyonya mizizi ya mtama, haliusumbui sana. Kwa kupika si mtamu kama mtama mweupe, nakubali. Ni mtama wa mwaka mbaya, na hapa kwetu mwaka mbaya haupigi hodi.

Niseme sasa alichokifanya Bwana Shamba, maana bila hicho mtu anaweza kumwona mama yangu, aliyekataza mbegu hiyo isitoke kwetu, kuwa na roho ngumu tu.

Zamani, Bwana Shamba alipokuwa kijana na suruali yake ina mkunjo wa pasi, maelekezo yalikuwa kwamba pamba ikae peke yake. Isitiwe kivuli, isigombanie mbolea, isichanganywe na kitu. Wanawake wa rika la mama walikuwa hawawezi kuliacha shamba hivyo. Mwanamke akipanda pamba alidondosha mtama hapa, kunde pale, tikiti kwenye kichuguu, choroko pembeni, na ukimuuliza alikujibu kwamba watu hawali nyuzi. Bwana Shamba alipita shamba kwa shamba. Wengi aliwaamuru wang'oe wenyewe. Kwetu alifika siku mama amebishana naye, baba amekwisha kukubali kwa sababu alitaka sana pamba, na yeye Bwana Shamba akakunja mikono ya shati akaanza kung'oa mwenyewe.

Nilikuwa mdogo, nimewapelekea maji ya kunywa shambani. Mtama ulikuwa umeshaanza kutoa masuke. Ninachokumbuka zaidi ni kwamba mama hakulia wala hakutukana. Alimfuata nyuma akiokota kila shina, akayafunga mafungu, akajitwika, akaenda kuwapa ng'ombe. Bwana Shamba alipomaliza alinawa mikono kwa yale maji niliyoleta, akamwambia mama kwamba atamshukuru wakati wa kuvuna.

Mvua ilikata mapema mwaka ule. Mahindi yalikauka yakiwa yanatoa maua. Pamba ilijikongoja, lakini chakula cha kununua hakikuwepo, na mama akalazimika kwenda kuhemea Migato kwa dada yake baba. Kuhemea kwenyewe ni aibu tosha, kwenda nyumba ya mtu na gunia tupu. Shangazi akamsimanga mbele ya wageni: "Kumbe na wewe una njaa? Si una pamba?" Halafu akampimia mtama ukiwa bado na masuke yake. Ulikuwa mtama wa shingo, ambao mbegu yake mama mwenyewe alimpa shangazi siku shangazi alipoolewa huko. Mama alirudi nao kichwani, akatupikia, na masuke matatu mazuri akayaning'iniza juu ya moshi.

Zamani zake alikuwa mgawaji. Mwanamke mgeni akija kijijini alitoka kwetu na mbegu kwenye pindo la khanga. Baada ya safari ile ya Migato hakumpa mtu mbegu tena. Alihamishia mtama wake nyuma ya zizi, mahali mpita njia haoni, akawa anapanda kipande kidogo cha kutosha uji na mbegu ya mwaka unaofuata. Shangazi naye alifariki, wanawe wakageukia pamba na mahindi ya dukani, na sisi tukabaki nao peke yetu. Nadhani mama hakulitambua hilo mapema. Alipolitambua, lilimpa kiburi badala ya hofu.

Bwana Shamba aligeuka lini, sijui vizuri. Mwenyewe aliniambia habari hiyo mara moja, na nitaisema kama alivyoisema. Alistaafu, akapewa cheti na blanketi, akapanda mahindi yake kwa kamba. Jua likayachoma. Akaanza kuzunguka kutafuta mtama wa kuvumilia, kila nyumba anaambiwa haupo, ulikwisha siku nyingi. "Nikawa nauliza watu nani aliumaliza," akaniambia. "Mama Neema, nilikuwa nauliza kwa hasira kabisa! Mpaka bibi mmoja akaniangalia mikono tu. Nikarudi nyumbani nikalala na viatu."

Kuanzia hapo akawa mtu wa kuomba. Alipanda baiskeli kwenda Sapiwi, Migato, popote aliposikia kuna mwanamke mzee mwenye kunde za madoa, njugu mawe nyeusi au viazi vya aina iliyosahaulika. Mbegu alizitia kwenye chupa tupu za maji pamoja na majivu makavu, akaziba mfuniko kwa nta ya mshumaa. Kwenye misiba alikuwa kituko. Wanaume wamekaa kwenye viti wanazungumza bei ya ng'ombe, yeye yuko kwa wanawake wanaochambua maharage, amechuchumaa, anaokota moja moja na kuuliza limetoka shamba la nani. Wengine walimcheka waziwazi. Wengine walisema uzee umemwingia vibaya.

Nilikwenda naye Sapiwi mara moja, mimi nikipeleka sare za kwaya, yeye akiwa na safari zake. Tulimkuta bibi mmoja anatwanga. Bwana Shamba alivua kofia, akamwamkia kwa lugha yetu, akimwita mama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka." Bibi alimkagua kuanzia viatu. "Wewe si ndiye yule wa mstari?"

"Ni mimi, mayu. Nimekuja na aibu yangu."

"Umekuja kung'oa nini tena? Hapa kumebaki meno yangu tu, nayo mawili."

"Nimekuja kuomba kunde."

Bibi aliweka mchi chini, akaingia ndani, akatoka na jembe. Hakutoka na kunde. Akamwonyesha shamba lake la viazi, akasema, "Anza pale." Bwana Shamba, mzee mwenye pensheni, akavua shati akalima mpaka jua likawa la utosi, nami nikabaki kivulini naona haya kwa niaba yake. Alipomaliza, bibi akamjazia kunde kwenye kofia yake mwenyewe. Njiani alinionyesha malengelenge mikononi huku anacheka, kama bwana harusi anayeonyesha pete. "Amenisamehe," alisema. "Umeona? Amenitukana, amenilimisha, amenisamehe." Nilimwitikia, lakini rohoni nilikuwa namfikiria mama, ambaye hakuwahi kumtukana wala kumpa jembe.

Si kwamba hakujaribu. Alikuja mwaka mmoja wakati wa palizi, magugu ya shamba la mama yamefika magotini, akasema, "Mayu, nina nguvu kidogo leo, nikusaidie." Mama alimjibu kwa upole wote, "Shamba langu halina kazi, Bwana Shamba. Kunywa uji." Akanywa uji.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mkali, na ukali wa kazini haukumtoka. Aliendelea kulima pamba, na ukimchokoza juu ya hilo alikujibu kwamba pamba ndiyo iliyosomesha wanawe na hataitukana. Asiyeng'oa na kuchoma masalia ya pamba msimu ukiisha, alimfuata mpaka kilabuni kumgombeza, maana wadudu hulala humo. Enzi zake aliwahi kushauri watu walime ngitili, lile eneo la majani linalofungwa ili mifugo ipate malisho kiangazi. Uzeeni akawa anafukuza mbuzi wa wenzake wasiingie kwenye ngitili hiyohiyo, na mawe anarusha. Shamba lake la uzeeni lilikuwa na mazao mengi pamoja kama ya bibi zetu, lakini kila zao liko kwenye mstari wake, kunde zimesimama kama askari. Wanawake walikuja kuchungulia na kuondoka wameshika mbavu.

Na alikosea tena, hata baada ya kujuta. Mbegu zake za miaka ya kwanza alizirundika kwenye stoo ya bati, chupa juu ya chupa. Kiangazi kikali kilipopita alizipanda zisiote hata moja. Joto la bati lilikuwa limezipika. Alilazimika kurudi kwa wale wale waliompa, mlango kwa mlango, kuomba mara ya pili. Mama alipopata habari akasema, "Unaona? Ningempa, ungekuwa umekwisha." Hapo alikuwa na haki, nami nilichukia kwamba alikuwa na haki.

Lakini mimi nilikuwa na deni langu kwake. Kipande nilichopewa na mama nilime kilikuwa mteremkoni, na mvua moja kubwa ilikibeba pamoja na mihogo. Bwana Shamba alikuja bila kuitwa. Wiki nzima tuliinua matuta ya kukinga maji, yeye na kamba yake, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba kuna mtu duniani anayejali mstari. Tulipanda majani ya malisho juu ya matuta, chini tukapanda choroko na viazi. Udongo haujaondoka tena. Kila nikivuna viazi pale namkumbuka, na kila nikimkumbuka nasikia sauti yangu ikisema, "Hatuna, Bwana Shamba."

Nilimbembeleza mama. Nilichagua siku alizokuwa na furaha, nikamwambia mtama ukibaki nyumba moja uko hatarini, paa la nyasi likishika moto basi. Nikamwambia mzee wa watu amejuta vya kutosha.

"Nimemnyima chakula?" aliniuliza.

"Hujamnyima."

"Basi."

"Sasa kwa nini umpe uji wa mtama uleule, mama? Si bora umpe chai?"

Alikuwa anapepeta. Hakuacha. "Uji hauoti," alisema.

Basi nikaendelea kumpitishia Bwana Shamba kikombe kwa mkono mmoja na uongo kwa mdomo. Nilijiambia namheshimu mzazi. Kweli nilimheshimu, lakini pia niliogopa, na mtu akiogopa huwa hakosi sababu nzuri. Usiku haukunisumbua, kilichonisumbua ni mchana, pale kwenye cherehani, nikisikia kengele ya baiskeli yake kwenye kona. Fikiria kuogopa kengele ya mtu unayempenda.

Mara ya mwisho alikuja bila kengele. Ilikuwa asubuhi, macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu, na binti yake alikuwa amekuja na gari kumchukua akakae naye Mwanza. Gari liliachwa barabarani. Yeye aliingia kwa miguu akipapasa ua wa minyaa, kamba haipo begani, na bila ile kamba alionekana mwembamba. Binti alifuata nyuma amekumbatia boksi.

Tulikuwa tumesikia kwamba alikuwa anazunguka siku hizo kuaga, na kwamba kila mwanamke aliyewahi kumpa mbegu alimrudishia nyingi kuliko alizompa. Nyumba yetu haikuwa kwenye ziara hiyo. Sisi hatukuwa tumempa kitu.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, Bwana Shamba. Kaa."

Nikaleta uji, kwa mazoea. Aliunywa taratibu mpaka mwisho, akafuta mdomo, akamwambia binti yake aweke boksi miguuni pa mama. Lilikuwa limejaa chupa.

"Hizi ni zilizobaki," alisema. "Kila aina niliyoipata, nimebakiza kidogo. Wale niliowagawia wanaweza kuzila, wanaweza kuzisahau. Hata mimi nilizipika kwenye bati. Nataka zikae kwa mtu asiyepoteza."

Mama hakuligusa boksi. "Mimi sikukupa mbegu."

"Najua, mayu."

"Sasa umejuaje kama mimi sipotezi?"

Bwana Shamba alikigeuza kikombe juu chini ili kuonyesha amemaliza, kama wanavyofanya wazee. "Uji huu nimeunywa hapa tangu nilipostaafu," alisema. "Mtama nilioung'oa kwa mikono yangu, nitashindwaje kuujua?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Miaka yote hiyo ya hatuna, hatuna, naye amekaa palepale ananywa jibu lake. Nilimuuliza kwa sauti ndogo, "Ulijua, na ukawa unaniuliza kila mara?"

"Nilikuwa namuuliza yeye, mwanangu," akasema, uso wake umeelekea upande wa mama. "Wewe ulikuwa unapitisha tu."

Mama aliinuka akaingia jikoni. Nilimsikia akisogeza vitu. Nilisema kimoyomoyo, sasa, mama, sasa. Alitoka na furushi la kitambaa amelifunga vizuri. Ulikuwa unga.

"Utapikiwa huko Mwanza," alimwambia.

Bwana Shamba alilipokea kwa mikono miwili, akalipapasa kwa vidole, na najua alitambua mara moja kwamba ni unga. "Wabeja, mayu," alishukuru. Hakukuwa na kinyongo sautini. Kama angekasirika ningepumua.

Binti alimshika mkono wakaanza kutoka. Mimi nikaingia jikoni kama mwizi, nikachomoa suke moja kwenye fungu juu ya mafiga, nikalificha ndani ya kitenge, nikawakimbilia. Niliwafikia kwenye minyaa. Nikalitia mkononi mwake. Alilitambua kwa vidole, ile shingo iliyopinda, punje zilizobanana, harufu ya moshi. Nilidhani atalia kwa furaha, kumbe alikuwa anajikaza.

"Amekutuma?"

"Hapana. Lakini chukua, Bwana Shamba. Tafadhali chukua."

"Nilichukua mara ya kwanza bila yeye kutaka," alisema. "Sitachukua mara ya pili. Rudisha, mwanangu, kabla hajaona pengo." Akanirudishia, na kwa mkono wake akalifunika vizuri na kitenge changu, kama mtu anayemfunika mtoto.

Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jiko nilipofika. Pengo alikuwa ameliona kabla sijafika uani.

"Amepokea?" aliniuliza.

"Amekataa."

"Amesemaje?"

Nikamwambia neno kwa neno. Mama alilichukua lile suke mkononi mwangu. Alitazama barabarani, akatazama suke, halafu akatoka. Hakuvaa viatu. Sijamwona mama yangu akitembea haraka vile tangu nizaliwe. Alifika kwenye minyaa, akapita, akapandisha njia mpaka barabarani, na nilipomfikia vumbi la gari lilikuwa linashuka upande wa Bariadi. Alisimama pale mkono umeinuliwa na suke limeinama juu yake. Mtu aliyepita na baiskeli alimsalimia, hakuitikia.

Tuliporudi alilifungua boksi. Chini kabisa, chini ya chupa zote, ilikuwa kamba imekunjwa kwenye vigingi vyake.

Mvua za kwanza zilipoanza alinituma nishike kigingi kimoja. Sikuamini. Mama yangu, aliyeapa kwamba kamba ni ya kufungia ng'ombe, alikiingiza kigingi kingine ardhini, akaivuta kamba ikanyooka, akaanza kutembea fundo kwa fundo akidondosha mtama wa shingo. Hakuupeleka nyuma ya zizi. Aliupanda mbele, kando ya njia ya kutoka barabarani, mstari mmoja mrefu, peke yake, bila kunde, bila chochote. Nilipomuuliza kwa nini pale, alisema, "Akirudi auone kabla hajafika mlangoni. Hachukui cha kuibiwa. Basi atachukua mwenyewe, nikiwepo."

Umeota vizuri. Sasa uko kiunoni, na mama anaupalilia mara nyingi kuliko unavyohitaji. Jana mchana nilimpigia simu binti wa Bwana Shamba, akaniambia baba haoni tena na kusafiri haiwezekani, lakini masikio ni mazima. Akampa simu. Nilimweleza yote, vile mama alivyokimbia bila viatu, vile alivyopanda.

"Ameupanda kwa kamba?" aliuliza.

"Kwa kamba yako. Mstari umenyooka, Bwana Shamba, ungefurahi."

"Na nini kingine?"

"Peke yake."

"Mwambie mayu," alisema, akaanza upya. "Mwambie achomekee kunde katikati. Asiuache peke yake. Alikuwa anapanda vizuri, tangu mwanzo alikuwa anapanda vizuri. Ile kamba afungie mbuzi."

Mama alikuwa shambani ameinama, kamba ameitandika tena kando ya mtama ili aone kama kuna shina lililotoka nje, na lililotoka alikuwa analisukumia udongo kwa kiganja ili lirudi mstarini. Aliponiona na simu alijinyoosha, mkono kiunoni.

"Anasemaje?"

Nilimtazama, nikautazama ule mstari wake.

"Anakusalimu," nikamwambia.